Shajara ya mradi: tezi za shingoni, kuanzia sindano hadi jibu

Jumanne, Machi 4

Leo nimevunja chupa kwa nyundo. Ilikuja na basi la asubuhi kutoka wilayani, chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa ikajazwa formalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili, na ndani yake tezi nzima ukubwa wa tende. Ilipotumbukizwa ilikuwa laini, ikapita. Formalini ikaikaza kama raba, na mdomo wa chupa ni ule ule mwembamba. Tumeiviringisha kwenye taulo, tukagonga mara mbili, tukaokota vioo kwa koleo.

Fomu ilisema "uvimbe shingoni, TB?" na chini yake, kwa kalamu nyingine, "naomba pia GeneXpert", mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Hapo ndipo nilipokaa chini. Tezi nzima iko kwenye formalini. Formalini imeshaua kila bakteria, kwa hiyo kuotesha hakupo tena. Vinasaba navyo huvikatakata na kuvigandisha na protini, na mashine yetu haikuidhinishwa kwa sampuli ya namna hiyo. Kilichobaki ni kukata, kupaka rangi na kuangalia umbo. Mgonjwa amekubali kuchanjwa shingo, ameshonwa, na nusu ya maswali yetu yamefutwa na kimiminika cha kwanza kilichogusa kinyama chake.

Kwa hiyo shajara inaanza leo. Tuko watatu: mimi wa maabara, daktari wa upasuaji, na tabibu wa kliniki ya kifua kikuu. Tumekubaliana kila Jumanne iwe siku ya tezi. Tutapokea mwenye tezi ya shingo iliyozidi sentimita moja na kukaa zaidi ya wiki nne hadi sita. Aliye na tezi juu ya mfupa wa mtulinga haambiwi asubiri, kwa sababu hapo hata tezi ndogo ina mashaka. Ya kushoto huweza kuwa imetumwa na saratani ya tumbo, mbali kabisa na shingo.

Orodha ya washukiwa tunayo kichwani: kifua kikuu cha tezi, limfoma (saratani ya tezi zenyewe), saratani iliyosambaa kutoka koo, kinywa au nyuma ya pua, VVU vyenyewe, saratani ya Kaposi, na zile tezi zinazovimba kwa jino bovu au kidonda cha kichwani kisha zikanywea. Kwa macho na vidole zinafanana mno.

Alhamisi, Machi 6

Siku nzima ya kupanga trei, moja kwa kila mgonjwa. Mabomba mawili ya sindano ya mililita 10, sindano za geji 23, slaidi sita zenye ncha isiyong'aa ya kuandikia, kichupa cha spiriti ya asilimia 95, kichupa cha salaini safi isiyo na vijidudu, chupa ya mdomo mpana yenye formalini, pamba, na penseli.

Penseli imeleta ubishi. Muuguzi alitaka kalamu ya wino kwa sababu inaonekana vizuri. Sikubishana kwa maneno. Niliandika namba kwa wino kwenye slaidi moja na kwa penseli kwenye nyingine, nikazizamisha zote kwenye spiriti tukaenda kunywa maji. Tuliporudi wino ulikuwa umekuwa wingu la buluu chini ya kichupa. Slaidi isiyo na jina ni taka, hata kama ina jibu.

Formalini nimechanganya mwenyewe: sehemu moja ya ile kali kwa sehemu tisa za maji, na kwa kila lita gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Wengi huruka hizo chumvi ili kuokoa muda. Zikikosekana formalini inakuwa na asidi, na asidi ikikutana na damu hutoa vumbi la kahawia juu ya slaidi, ambalo mtu mgeni atalidhania rangi ya malaria.

Jumanne, Machi 11

Siku ya kwanza. Ni Ramadhani, kliniki imeanza mapema kabla ya jua kukomaa.

Wa kwanza ni mama wa miaka thelathini na kitu, amesindikizwa na shangazi yake. Tezi tatu upande wa kulia zimeshikana kama punje za muhindi. Kabla sijafungua sindano shangazi akauliza: "Mwanangu, hii haitamvunjia saumu?" Nikamwambia sindano hii haiingizi kitu mwilini, inatoa, ila fatwa si kazi yangu. Akatoka nje akampigia simu mtu anayemwamini, akarudi akasema, "Endeleeni."

Nimesimama karibu nione mkono wa daktari. Anaibana tezi kwa vidole viwili isiteleze. Sindano inaingia, pistoni inavutwa, kisha ncha inakwenda mbele na nyuma ndani ya tezi ile ile, kila safari kwa pembe tofauti kidogo. Halafu kile ambacho kila mwanafunzi husahau: mvuto unaachiliwa kabla sindano haijatoka. Ukitoka huku umevuta, chembe zote hukimbilia ndani ya bomba, na kuzitoa humo ni kukombeleza sufuria kwa unywele. Sindano inachomolewa kwenye bomba, bomba linajazwa hewa, linarudishwa, tone linasukumwa juu ya slaidi.

Kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe cha manjano, chenye mabonge, kama tui lililokatika. Nikagawa pale pale kabla mtu hajaanza kuongea. Slaidi mbili zikaukie hewani kwa rangi ya Giemsa. Mbili zimezamishwa kwenye spiriti zingali mbichi kwa rangi ya Papanicolaou, maana zikikauka hata kidogo viini vya seli huvimba na kingo zake hupotea. Moja ya Ziehl-Neelsen, rangi inayowageuza bakteria wa kifua kikuu kuwa vijiti vyekundu. Mabaki yote na suuzo la sindano kwenye salaini, kwenda GeneXpert.

Ziehl-Neelsen: nimepitia maeneo mia moja ya hadubini, sijaona kijiti hata kimoja chekundu. Giemsa: uchafu wa seli zilizokufa, na pembeni vifungu vya seli ndefu zenye viini kama nyayo za kandambili, yaani granuloma, dalili ya kawaida ya kifua kikuu. Mashine, chini ya saa mbili baadaye: bakteria wa kifua kikuu wapo, usugu wa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, haujaonekana.

Wanaoshangaa kwamba majibu mawili ya tone moja yanapingana, hayapingani. Ili jicho lione bakteria kwa Ziehl-Neelsen inahitaji wawe kati ya elfu tano na elfu kumi kwa mililita. Katriji ya Ultra, ile inayoingia kwenye GeneXpert, huwanusa wakiwa kumi na sita hivi. Tezi, tofauti na makohozi, mara nyingi ina bakteria wachache na vita vikubwa.

Mama ameanza dawa leo leo: miezi miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Tabibu amemwonya kwamba tezi inaweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu, hata kupasuka, bila dawa kuwa zimeshindwa. Ni mwili unaoamka. Akiona hivyo aje, asiache dawa.

Alhamisi, Machi 13

Slaidi tatu kati ya zile za Jumanne ni za kutupa, na zote ni kosa letu. Mbili zimejaa madoa ya zambarau yasiyo na umbo. Nilisumbuka nayo robo saa kabla sijakumbuka kwamba mgonjwa wake alitoka ultrasaundi, na jeli haikufutwa shingoni. Jeli hunyonya Giemsa vizuri kuliko seli. Ya tatu imeburutwa kwa nguvu. Limfosaiti, seli za kawaida za tezi, ni dhaifu, ukizikandamiza viini vinavutika kuwa nyuzi za zambarau, na nyuzi hazina ugonjwa unaosomeka. Nimeandika kwenye trei kwa maandishi makubwa: FUTA JELI. BURUTA KAMA UNAPAKA ASALI, SI SIAGI YA BARIDI.

Jumanne, Machi 18

Mzee mvuvi, tezi moja ngumu kama jiwe chini ya pembe ya taya. Sindano imetoa seli bapa zenye kingo kali na, kwenye Papanicolaou, rangi ya chungwa inayong'aa ya keratini, protini iliyomo kwenye ngozi na kucha. Jibu lilionekana kabla chai haijapoa: saratani ya seli bapa, na kwao si hapo. Tezi ni kituo cha basi tu. Daktari wa upasuaji akaweka kisu chini. Shingo ya mtu huyu haichanjwi kwanza. Anakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo atazamwe nyuma ya pua, mzizi wa ulimi na mafindofindo, hadi chanzo kipatikane.

Kisha kijana wa bodaboda, miaka ishirini na minne. Yuko wiki ya tisa ya dawa za kifua kikuu alizoanzishiwa kwingine. Hakuchukuliwa sampuli yoyote. Aliangaliwa shingo tu, akaulizwa kama anatoka jasho usiku, akasema ndiyo. Tezi zimeongezeka. Ngozi inamwasha. Nikazigusa: hazijashikana, zinarudi chini ya kidole kama raba ya kombeo.

Sindano haikutoa usaha, imetoa tone la maji ya damu. Kwenye Giemsa kuna mchanganyiko: limfosaiti, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi kuliko kawaida, vifungu viwili vya seli za granuloma, na seli moja kubwa ya ajabu iliyopondeka nusu. Ningekuwa na haraka ningeandika granuloma, nikamrudisha kwenye vidonge vyake. GeneXpert: hakuna bakteria.

Tunatoa majibu kwa mfumo wa Sydney wa mwaka 2020, wenye ngazi tano kutoka sampuli isiyotosha hadi saratani. Hii nimeipendekeza ngazi ya nne, shuku ya saratani, na nikaomba tezi nzima. Kwa limfoma sindano haitoshi. Inakupa matofali, haikuonyeshi nyumba, na limfoma nyingi hutambulika kwa namna zilivyovunja nyumba.

Alhamisi, Machi 20

Nimeingia chumba cha upasuaji na trei yangu, nikasimama mlangoni na kofia kubwa kuliko kichwa. Daktari amechagua tezi kubwa kuliko zote, ingawa kulikuwa na nyingine ndogo iliyo juu juu na rahisi. Hiyo rahisi mara nyingi haina kitu. Amekwenda polepole kwa sababu nyuma ya shingo hupita neva inayoinua bega. Ukiikata, kijana atabeba abiria kwa bega moja maisha yake yote.

Tezi imefika mkononi mwangu mbichi, haijagusa formalini. Nimeikata kwa urefu kwa wembe mmoja, mkato mmoja. Ndani ni nyeupe ya kijivu, inang'aa kama nyama ya samaki, haina ule uchafu mweupe kama jibini wa kifua kikuu. Nimegusisha slaidi kwenye uso wa mkato mara nne, kama mtu anayepiga muhuri, bila kuburuta. Kipande ukubwa wa harage kwenye salaini kwa kuotesha na GeneXpert. Kilichobaki nimekikata vipande vya milimita tatu au nne, kwenye formalini iliyozidi nyama mara kumi. Formalini hutembea kadiri ya milimita moja kwa saa. Ukitupa tezi nzima, nje inaiva na katikati inaoza.

Yote haya yamechukua dakika sita. Muuguzi amenihesabia kwa saa ya ukutani.

Jumatatu, Machi 24

Umeme umekatika vipande vya tezi vikiwa kwenye nta ndani ya mashine. Jenereta imewaka baada ya muda, vipande vimesalimika. Kisu cha mikrotomu, mashine ya kukata mikato myembamba, ni butu. Mikato kumi ya kwanza imetoka na mistari kama khanga iliyokunjwa vibaya. Nimehamisha kisu upande ambao haujatumika, nimelaza bloki ya nta juu ya barafu, nikakata tena kwa mikroni tatu. Utepe ukaelea juu ya maji ya vuguvugu bila mkunjo. Nimeridhika kuliko inavyostahili.

Jumanne, Machi 25

Mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu, amekuja. Tumekaa kwenye hadubini ya vichwa viwili na slaidi ya kijana iliyopakwa H na E, rangi ya kawaida ya tishu. Kwa dakika kadhaa hakusema neno. Kisha akasimamisha slaidi: seli kubwa, viini viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kina nukta nyekundu katikati na uwazi kuizunguka. Vitabu huviita macho ya bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kwa hiyo jina hilo halitoki nje ya chumba hiki.

Ni seli ya Reed-Sternberg, alama ya limfoma ya Hodgkin. Carl Sternberg aliieleza mwaka 1898 akidhani bado ni namna ya kifua kikuu. Dorothy Reed, mwaka 1902, ndiye aliyesema waziwazi kwamba ni ugonjwa mwingine. Thomas Hodgkin alikuwa ameziandika tezi hizo London mwaka 1832. Nimelitaja hili kwa sababu linanifariji kidogo: kuchanganya magonjwa haya mawili hakukuanza na kliniki za kwetu.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Kwenye pembe ya slaidi ile ile kuna granuloma safi kabisa, za kupigiwa picha. Limfoma ya Hodgkin huweza kuzizalisha yenyewe. Aliyepata pembe hiyo peke yake angeapa ni TB.

Bloki inakwenda Dar es Salaam kwa vipimo vya kingamwili kwenye tishu, vinavyosoma alama za seli: CD30, CD15, CD20, CD3, PAX5. GeneXpert ya kipande kibichi haina bakteria. Chupa ya kuotesha iko kwenye joto, siku 42.

Na ile tezi ya chupa ya kikohozi: granuloma zenye nekrosisi (tishu iliyokufa), Ziehl-Neelsen haina kitu. Jibu lililotoka ni "inaelekea kuwa kifua kikuu". Usugu wa dawa haukupimwa, hauwezi kupimwa. Nimeandika kwenye jibu kwamba tezi nyingine ikionekana ichukuliwe kwa sindano, kwenye salaini.

Jumanne, Aprili 1

Idi. Hakuna kliniki. Pilau ipo.

Jumanne, Aprili 8

Tumewapelekea wa wilayani trei zetu, na leo zimerudi mbili. Furaha yangu imedumu hadi nilipofungua kifuniko. Walifanya kila kitu sawasawa, wakagawa kinyama, nusu formalini, nusu salaini, lebo za penseli. Kisha basi likakosekana, na kile cha salaini kikakaa kwenye dawati siku tatu bila barafu. Harufu imenijulisha kabla ya macho.

Kwa hiyo agizo jipya: cha salaini kikae kwenye friji, kisafiri na barafu, kifike ndani ya saa 24. Kama hakuna usafiri siku hiyo, kinyama kisikatwe siku hiyo. Tabibu wa wilayani hajalipenda hilo. Ana haki, mgonjwa wake ametoka kisiwani kwa mashua.

Jumanne, Aprili 15

Mtoto wa miaka sita, tezi mbili laini chini ya taya, mama ameshalia njia nzima. Nikamwambia afungue kinywa. Magego mawili yameoza. Hakuna sindano, yupo kwa daktari wa meno, arudi baada ya wiki nne.

Jumanne, Aprili 22

Majibu kutoka Dar yamefika. CD30 chanya kwenye seli kubwa, CD15 chanya, PAX5 hafifu, CD20 na CD3 hasi. Limfoma ya Hodgkin, ya aina ya kawaida.

Daktari ameniita niwepo akimweleza kijana, ingawa watu wa maabara huwa hatuonani na nyuso. Akasikiliza kimya, akaniangalia mimi badala ya daktari. "Dada, kwa hivyo vile vidonge vyote?" Sikuwa na la kusema. Daktari ndiye aliyemjibu: kwamba vinasimamishwa, kwamba ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazoponyeka, kwamba rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, imeshaandikwa, na kwamba asikubali mtu yeyote ampe dawa za steroidi kabla ya kufika huko. Kijana akauliza kama anaweza kuendesha pikipiki hadi siku ya safari. Akaambiwa anaweza, apunguze mwendo.

Ijumaa, Mei 2

Siku ya 42 ya kuotesha imeangukia Mei Mosi, nimeisoma leo. Hakuna kilichoota. Nimeongeza kwenye jibu kwamba sampuli ilichukuliwa mgonjwa akiwa wiki ya tisa ya dawa, kwa hiyo hasi hii isisomwe kwa ujasiri mkubwa.

Nikiwa naandika, amefika mama mmoja na barua ya wilayani. Nimemjua kwa namba: ni yule wa chupa ya kikohozi. Yuko kwenye dawa tangu mwisho wa Machi, hajakosa hata siku moja, kadi yake imejaa. Kovu limepona vizuri, ila pembeni yake imeota tezi nyingine, na imeanza kulainika. Sote tumefikiri jambo moja, mwili unaamka. Tabibu alikuwa karibu kumrudisha nyumbani kwa maneno mazuri. Leo si Jumanne, lakini trei ilikuwapo.

Usaha kidogo, mililita isiyofika moja. Yote kwenye salaini, slaidi moja tu kwa adabu. Katriji imeingia saa nne na robo. Saa sita kasoro dakika ishirini mashine imemaliza: bakteria wa kifua kikuu wapo, usugu wa rifampisini umeonekana.

Nimerudia kwa sehemu iliyobaki. Jibu ni lile lile.

Sampuli inakwenda kwa vipimo zaidi vya usugu, na mama amepelekwa kwa tabibu abadilishiwe mpango wa dawa. Nimempigia mwenzetu wa wilayani. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile tezi ya kwanza bado tunayo. Ipo, nikamwambia. Iko kwenye formalini.